Kufunga inveta kwenye gari la kulala: mwongozo kamili kwa wanaozunguka Tabora na Kigoma

Ukifungua mlango wa nyuma wa Canter la mnunuzi wa asali aliyetoka Sikonge, unategemea kunusa asali. Mara tatu kiangazi hiki nimenusa plastiki iliyoungua. Godoro lipo, ndoo zimepangwa, feni inaning'inia, na chini ya kitanda kuna inveta (kile kifaa kinachogeuza umeme wa betri kuwa kama wa nyumbani) iliyozima na waya mwekundu ulioyeyuka ganda. Maneno ya mwenye gari huwa yale yale: "Kaka, hii inveta ni feki."

Nikiipima, mara nyingi inveta ni nzima. Kilichoungua ni ile mita moja ya waya kutoka kwenye betri, pamoja na vichwa vyake. Kwa hiyo hapa chini sehemu ya waya ni ndefu kuliko zote, na nyingine nimezipita haraka. Ni kwa yeyote aliyegeuza Canter, Coaster au Hiace kuwa chumba cha kulala akiwa porini au mnadani, na anataka taa, feni, kompyuta na runinga bila jenereta.

## Vifaa

Ukiacha maltimita, usinunue chochote kabla ya kumaliza hatua ya 3. Vipimo vilivyo hapa ni vya inveta ya wati 1000 kwenye volti 12, ambayo ndiyo inayowatosha wengi.

- Inveta ya mawimbi laini, yenye volti sawa na betri zako
- Betri za sola, si za kuwashia gari
- Kebo laini ya shaba tupu, milimita za mraba 35, nyekundu na nyeusi
- Lagi za shaba (vichwa vya mwisho wa kebo) za kebo hiyo, zenye tundu linaloingia bolti yako bila kulegea
- Koleo la haidroliki la kukandamizia lagi (liazime kwa mafundi umeme, usinunue)
- Fyuzi ya ampia 150 na kiti chake, vyote vya bolti
- Swichi kubwa ya kukatia betri
- Sakiti breka ya ampia 10 na RCD (kifaa kinachokata umeme ukivuja, kwa mfano kupitia mtu) ya miliampia 30
- Waya laini wa nyuzi tatu, milimita za mraba 2.5, na soketi
- Mipira ya kuvisha matundu ya bati, bomba la kunyumbulika na klipu za kutosha
- Maltimita (kipima umeme)

Maltimita usiiruke. Asiye nayo anafunga umeme kwa kusikilizia.

## Hatua ya 1: Jua gari lako ni volti ngapi

Zima injini, subiri saa kadhaa, kisha pima betri. Gari la volti 12 litakuonyesha 12.4 hadi 12.8. Canter na Coaster nyingi za dizeli zina betri mbili zilizofungwa mfululizo, na ukipima ncha za mwisho unapata 24.8 hadi 25.6. Usikisie kwa sura ya gari.

Sasa sikiliza kosa linaloua betri nyingi kuliko yote ninayoyaona. Mtu ana gari la volti 24, ananunua inveta ya volti 12 kwa kuwa ni rahisi, halafu anaifunga kwenye betri moja kati ya zile mbili. Inawaka! Anafurahi. Lakini betri ile inaisha kila usiku huku mwenzake akibaki amejaa, na altaneta inazichaji zote mbili kana kwamba zina njaa sawa. Moja haijai kamwe, nyingine inachemka mpaka maji yanakauka. Miezi michache tu zote mbili ni chuma chakavu. Gari la volti 24 lifungiwe inveta ya volti 24, au mfumo wa kulala uwe na betri zake tofauti kabisa.

Umefaulu ukiwa na namba moja iliyoandikwa kwenye daftari: 12 au 24.

## Hatua ya 2: Hesabu unachotumia

Chora safu tatu: kifaa, wati, saa kwa siku. Mfano wa mtu anayelala Ipole siku nne kwa wiki:

- Taa 4 za LED za wati 5, saa 5: wati-saa 100
- Feni ya wati 40, saa 6: 240
- Kompyuta ya wati 60, saa 3: 180
- Runinga ya wati 40, saa 3: 120
- Chaja za simu, wati 15, saa 3: 45

Jumla ni wati-saa 685. Inveta nayo hula njiani, kwa hiyo gawanya kwa 0.85. Unapata kama wati-saa 806 zitakazotoka kwenye betri kila siku.

Hesabu ya pili ni ya vifaa vitakavyowaka kwa wakati mmoja. Hapo juu vyote vikiwaka pamoja ni wati 175. Ongeza blenda ya wati 400, inakuwa 575. Weka akiba ya robo, unafika karibu 720. Inveta ya wati 1000 inatosha, na ziada ya blenda inapoanza kuzunguka inabebeka.

Wanaotoka Kigoma na samaki aina ya migebuka huniuliza kuhusu friji. Friji ya kawaida ya nyumbani inapoanza huvuta mara kadhaa ya wati zilizoandikwa, hata mara tano au zaidi, kwa sekunde moja hivi. Ndiyo maana friji ya wati 120 inaweza kuiangusha inveta ya wati 500. Kama bado hujanunua friji, tafuta ile ya kompresa inayotumia volti 12 au 24 moja kwa moja kutoka kwenye betri. Unaepuka inveta kabisa, na hasara yake.

Birika la umeme la wati 2000 lisahau. Kwenye volti 12 litavuta ampia zaidi ya 200. Chai ichemshwe kwa gesi.

Umefaulu ukiwa na namba mbili: wati-saa za siku, na wati za pamoja.

## Hatua ya 3: Chagua inveta

Kwanza aina ya mawimbi. Nunua ya mawimbi laini, yenye maandishi PURE SINE WAVE kwenye boksi. Zile za bei ya chini, za mawimbi ya ngazi, huwasha taa na chaja nyingi, lakini feni inaguna na kupata joto, na mota ya blenda inateseka.

Pili, usidanganywe na namba kubwa ya ubavuni. Maduka mengi yanaweka mbele wati za kilele, yaani zile inazoweza kwa sekunde chache. Wewe unataka wati za kuendelea, na mara nyingi ni nusu yake. Kuna kipimo rahisi cha kumshika mwongo. Inveta ya wati 3000 kwenye volti 12 inahitaji karibu ampia 300. Ukiona inauzwa na viwaya vyembamba kama kidole kidogo cha mtoto, vyenye koleo za meno, hiyo si ya wati 3000 hata ikichorwa radi tatu ubavuni.

Tatu, uliza inakula kiasi gani ikiwa imewashwa bila kazi. Inayokula wati 15 ikikesha saa 10 imekula wati-saa 150, ambazo ni feni yako kwa karibu saa nne. Yenye swichi ya mbali, inayofungwa karibu na kitanda, ina faida kubwa kwa sababu utaizima bila kuinuka.

Zile ndogo za kuchomeka kwenye tundu la kuwashia sigara zichajie simu na kompyuta. Waya na fyuzi ya tundu lile vimetengenezwa kwa ampia 10 hadi 20 tu, kwa hiyo kwenye volti 12 usivuke wati 150.

## Hatua ya 4: Betri za kulala ziwe mbali na za kuwashia

Betri ya kuwashia gari imetengenezwa kutoa nguvu nyingi kwa sekunde chache. Ukiikamua usiku kucha mara kumi au ishirini hivi, inachoka. Na ikichoka ukiwa katikati ya pori la Ugalla, atakayekusukuma nani?

Betri ya risasi ya sola usiishushe chini ya nusu. Ya volti 12 na ampia-saa 100 ina wati-saa 1200 kwa jina, 600 kwa matumizi. Mfano wetu wa 806 unahitaji ampia-saa 200, na bado unabaki na akiba kidogo ya siku ya mawingu. Za lithiamu zinakubali kushuka sana, asilimia 80 na zaidi, ila bei yake unaijua.

Kuchaji kuna njia mbili. Paneli ya wati 300 juu ya paa, kwa jua letu la kiangazi ukihesabu saa 5 nzuri na kutoa hasara, inakupa kama wati-saa 1000 kwa siku. Altaneta nayo inachaji gari likitembea, kupitia rilei, swichi inayojiendesha kwa umeme, inayounganisha betri mbili injini ikiwaka tu na kuzitenga injini ikizimwa. Betri za lithiamu usiziunganishe na altaneta kwa rilei tupu. Zinavuta bila kupumzika mpaka altaneta inaungua, kwa hiyo zinahitaji chaja ya katikati inayopunguza mkondo.

## Hatua ya 5: Mahali pa kuweka

Karibu na betri, si juu yake. Betri ya maji ikichaji hutoa gesi inayoweza kulipuka, na inveta ina feni na cheche ndani. Vitenganishwe kwa ubao, na sanduku la betri liwe na tundu la kupumulia linalotoka nje ya gari.

Acha nafasi ya sentimita 10 au zaidi pande zote za inveta. Ifunge kwa bolti kwenye ubao mgumu au fremu, si kwenye bati jembamba. Isikae chumba kimoja na mtungi wa gesi. Matundu ya hewa yageukie ndani, kwa sababu vumbi jekundu la barabara za vumbi za Kaliua huingia kama maji. (Wanaobeba mizinga waongeze wavu mwembamba. Nimeshakuta nyuki wamehamia kwenye feni ya inveta, na nilifunga kazi mpaka jioni.)

## Hatua ya 6: Waya, mahali penyewe

Volti ikiwa ndogo, ampia zinakuwa nyingi. Wati 1000 nyumbani ni ampia 4 na kidogo. Wati hizo hizo kutoka kwenye betri ya volti 12 iliyoshuka hadi 11, pamoja na hasara ya inveta, ni ampia 107. Waya wa soketi ya nyumbani hauwezi kubeba mzigo huo hata kwa dakika chache.

Ukubwa unaofaa (kebo kwa milimita za mraba), umbali wa betri mpaka inveta ukiwa hauzidi mita moja na nusu:

- Wati 600, volti 12: kebo 16, fyuzi ampia 80
- Wati 1000, volti 12: kebo 35, fyuzi ampia 150
- Wati 2000, volti 12: kebo 70, fyuzi ampia 300
- Wati 1000, volti 24: kebo 16, fyuzi ampia 80
- Wati 2000, volti 24: kebo 35, fyuzi ampia 150

Angalia jinsi volti 24 inavyopunguza shaba. Mwenye Coaster ana bahati asiyoijua.

Kwa nini nasisitiza umbali? Chukua kebo ya 16, uivute mita tatu kwenda na tatu kurudi, upitishe ampia 100. Njiani unapoteza volti 0.65. Betri ina 11.6, inveta inaona 10.95, inaanza kulia na kuzima, na wewe unakimbilia dukani kununua betri nyingine. Betri haikuwa na kosa. Kama inveta lazima iwe mbali, urefushe waya wa volti 230, si wa betri.

Sasa ubora. Mwaka jana nilinunua kebo iliyoandikwa 35 kwenye duka moja hapa mjini. Ilikuwa nyepesi, ikanitia shaka nikiwa nimeshafika nyumbani. Nilikwaruza nyuzi kwa kisu: juu nyekundu, ndani nyeupe. Alumini iliyopakwa shaba. Alumini hiyo hubeba mkondo mdogo kuliko shaba, hulegea chini ya bolti, na kwenye kiungio hupata kutu na joto. Tangu siku hiyo nakwaruza mbele ya muuzaji kabla ya kutoa hela. Kebo ya mashine ya kuchomelea ni chaguo zuri kwa sababu ina nyuzi nyingi laini na inavumilia mtikisiko, lakini nayo ikwaruze. Waya mgumu wa nyumbani usiufunge kwenye gari, maana unakatikia ndani ya ganda na huoni.

Kukandamiza lagi:

1. Menya ganda kwa urefu wa shingo ya lagi tu. Usikate hata uzi mmoja. Kupunguza nyuzi ili ziingie kwenye lagi ndogo ni kununua kebo ya 35 na kufunga ya 20.
2. Ingiza mpaka mwisho, kandamiza mara mbili kwa koleo la haidroliki lenye meno ya saizi hiyo.
3. Vuta kwa nguvu zako zote. Ikitoka, bora itoke sasa.
4. Funika shingo kwa mpira unaosinyaa kwa joto.

Nyundo na patasi si koleo. Na risasi ya kuchomelea isitumike badala ya kukandamiza: kiungio kikipata moto risasi inayeyuka, waya unachomoka na kugusa bati.

Kebo zote mbili, nyekundu na nyeusi, zitoke kwenye betri yenyewe mpaka inveta. Usitumie chesisi kama waya wa kurudi, kwa sababu kutu na rangi vitakula volti zako. Zipitishe ndani ya bomba, kila tundu la bati livishwe mpira, na klipu ziwe kila sentimita 30 hivi.

Umefaulu kama ukitikisa gari hakuna kebo inayocheza, na hakuna mahali ganda linasugua chuma.

## Hatua ya 7: Fyuzi

Iwe kwenye waya mwekundu, sentimita 20 au chini kutoka kwenye betri. Wengi huiweka karibu na inveta wakidhani inailinda inveta. Fyuzi inalinda waya. Kipande kilicho kabla ya fyuzi hakina mlinzi, na kikigusa bati betri itamwaga ampia mamia mpaka kitu kiwake moto. Lile Canter la tatu kati ya yale niliyoyataja mwanzo, fyuzi ilikuwepo, nzima, upande wa pili wa mahali palipoungua.

Ikikatika usiweke kubwa zaidi, wala kipande cha waya. Tafuta sababu.

Baada ya fyuzi weka swichi ya kukatia. Kisha bolti ya ethi iliyo kwenye kasha la inveta ipeleke kwenye chesisi kwa waya wa milimita za mraba 16, ili, hasi ya betri ikiwa imeungwa na chesisi, mwekundu ukigusa kasha fyuzi ikatike mara moja.

## Hatua ya 8: Kuunganisha kwa mpangilio

Vua pete na saa. Funga tepu kwenye mpini wa spana.

1. Fyuzi itolewe, swichi izimwe.
2. Unganisha kebo kwenye inveta. Rudia kuangalia rangi. Ukizigeuza, inveta nyingi hufa papo hapo na dhamana haikuhusu.
3. Kwenye betri anza na chanya, malizia na hasi. Chanya ikishakazwa, spana yako haitapiga shoti kwenye bodi. Ukifungua siku nyingine, anza na hasi.
4. Rudisha fyuzi, swichi ikiwa bado imezimwa.
5. Kabla ya kuwasha swichi, shika balbu ya zamani ya indiketa, ya wati 21, isiyo ya LED, yenye volti sawa na mfumo wako, na ugusishe nyaya zake kwenye bolti mbili za swichi. Itawaka kisha ififie. Kapasita za inveta, vihifadhi umeme vya ndani, zimejaa taratibu. Sasa washa swichi.

Ukiruka balbu utaona cheche kubwa. Si lazima iue kitu siku hiyo, lakini inakula swichi kila unapoirudia.

Umefaulu kama hakuna cheche, na maltimita kwenye bolti za inveta inaonyesha volti sawa na za betri.

## Hatua ya 9: Upande wa volti 230

Hapa kama si fundi umeme, mwite fundi umeme. Volti 230 za inveta zinaua kama za TANESCO.

Toka inveta, pita RCD na sakiti breka, kisha soketi, kwa waya laini wa nyuzi tatu. Inveta nyingi ndogo hutoa umeme ambao nyutro yake haijaungwa na ethi popote, na hapo RCD haitafanya kazi yake. Soma kitabu cha inveta. Kikiruhusu, unga nyutro na ethi upande wa inveta, kabla ya RCD. Kikikataza, usiunge, kwa sababu zipo zinazoungua hapo hapo. Basi tumia soketi ya inveta yenyewe, kifaa kimoja kwa wakati.

Kitufe cha majaribio cha RCD hakithibitishi kiungo hicho. Kinajaribu RCD peke yake, hata bila ethi kitakata. Pima kwa maltimita: kati ya nyutro na ethi isomeke sifuri au karibu na hapo.

Ukifika gesti ukataka kuchomeka gari kwenye umeme wa nje, uwe na swichi ya kubadilishia, inayokata chanzo kimoja kabla ya kushika kingine. Umeme wa nje ukikutana na unaotoka kwenye inveta, inveta haiponi hata sekunde.

## Hatua ya 10: Jaribio

Chomeka pasi kavu isiyozidi wati 1000, iache dakika tano. Ikiwa inavuta, pima volti kwenye nguzo za betri, kisha kwenye bolti za inveta. Tofauti isizidi 0.3. Ikizidi, kuna lagi mbovu, bolti iliyolegea au kebo nyembamba. Weka ncha za maltimita pande mbili za kila kiungio kimoja kimoja. Kinachoonyesha volti nyingi ndicho.

Zima kila kitu, kisha gusa viungio. Uvuguvugu sawa. Kinachokufanya uondoe mkono kifunguliwe.

Mwisho, usiiachie inveta kazi ya kulinda betri. Nyingi huzima volti 10 na nusu au chini, na hapo betri ya risasi imeshaumia. Wewe zima ukiona 12.2 betri ikiwa imepumzika, au 24.4 kwa gari la volti 24.

Baada ya safari ya kwanza ya barabara ya vumbi, Ulyankulu kwenda na kurudi inatosha, zima swichi kubwa na ukaze tena kila bolti. Utakuta angalau moja imelegea. Rudia kila mwezi, na kwenye betri ya maji angalia kiwango siku hiyo hiyo, ukiongeza maji ya betri tu, si ya bombani.